Kuandika Programu ya Kompyuta ya Injini Bila Kuiua

Namba kwenye skrini, asilimia ya programu iliyokwisha kuingia kwenye kompyuta ya injini, ilikuwa 71. Nilikuwa nimekaa kiti cha dereva, laptopu mapajani, mlango wazi ili upepo upite, Changamwe, Jumamosi baada ya adhuhuri. Feni ya dari ya gereji ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Stima imepotea. Chaja niliyoitegemea kushikilia betri ya gari ikafa pamoja na feni, na ile 71 haikuwahi kuwa 72.

"Kwani imekuwaje, fundi?" mwenye gari akauliza kutoka kwenye benchi.

"Subiri ami, usiguse ufunguo."

Nitarudi kueleza tulivyotoka pale. Kwanza niipange kazi yenyewe jinsi ninavyoifanya sasa, maana tangu siku ile nimeamini kwamba ECU (kompyuta za injini) nyingi zinazofia mikononi mwa fundi haziuliwi na programu. Zinauliwa na betri, na waya, na faili ambalo si lake. Yote matatu yanapimika kabla hujabonyeza chochote.

Je, gari lenyewe linahitaji?

Gari nyingi zinazoletwa "kuprogramiwa" hazina ugonjwa wa programu. Koili imekufa, throto (mlango wa hewa ya injini) imejaa masizi, sensa ya hewa imechafuka, na mwenye gari ameambiwa mahali fulani kwamba kompyuta "imechanganyikiwa". Kompyuta haichanganyikiwi kwa masizi, inaripoti tu. Ikitoa kodi (ya hitilafu, si ya nyumba) P0301, silinda ya kwanza inakosa moto: hamisha koili yake uipeleke silinda ya pili, futa kodi, endesha. Ikirudi kama P0302, umempata mwizi, na laptopu irudi mkobani.

Sababu ninazozikubali ni tatu. Mtengenezaji ametoa marekebisho ya tatizo linalojulikana, kama gia kushtuka au mzunguko wa injini bila kukanyagwa kuyumba. Au ECU imebadilishwa. Au ECU yenyewe inalia kuhusu kumbukumbu yake: P0601 ni hesabu ya ukaguzi wa kumbukumbu isiyolingana, P0605 ni kumbukumbu ya kudumu yenye kasoro, P0602 ni programu ambayo haikuandikwa ikakamilika. Na hata hapo, P0601 ikija siku moja baada ya gari kuwashwa kwa kuunganishiwa betri ya jirani, mimi hupima umeme na nyaya za chini kwanza. Kodi hiyo imeshaondoka mara kadhaa kwa spana namba 10 kwenye kichwa cha betri.

"Nataka tu ile mafuta kupungua" si sababu. Pima upepo wa tairi.

Namba kabla ya faili

Kila programu ya injini ina namba yake ya kalibresheni, ile inayoandikwa CAL ID kwenye skrini. Marekebisho ya mtengenezaji husema wazi: namba hii ya zamani inapanda kuwa namba hii mpya. Kama namba iliyo ndani ya gari lako haipo upande wa kushoto wa orodha hiyo, marekebisho hayo si ya gari lako, hata kama ugonjwa unafanana kama mapacha. Skana nyingi za kawaida huisoma namba hiyo kwenye huduma ya 09 ya OBD, mfumo wa gari wa kujieleza hitilafu zake. Isiposomeka, fungua kifuniko uitafute namba ya kipuri kwenye kibandiko cha ECU: Toyota huanza na 89661, Nissan na 23710.

Hapa ndipo mafundi wa Mombasa tunapoteleza zaidi kuliko wenzetu wa ng'ambo, kwa sababu magari yetu mengi yameshuka Kilindini kutoka Japani. Yalitengenezwa kwa soko la ndani la huko, na kalibresheni zake ni za huko. Ukiingia kwenye huduma ya mtengenezaji ya Marekani ukitafuta namba ya Probox, hutaipata. Wapo wanaotafuta basi "injini inayofanana". Injini ya 1NZ-FE imo ndani ya Probox, Fielder, Axio na Vitz, yenye gia ya mkono au ya otomatiki, yenye kuvuta kwa magurudumu mawili au manne, na ECU zake si moja. Jina la injini lisikudanganye. Linganisha namba ya kipuri yote, tarakimu kwa tarakimu, mpaka mwisho wake.

Kingine: gari la soko la Japani halina namba ya utambulisho ya herufi 17. Lina namba ya fremu, kama ile inayoanza NZE141 halafu kistari halafu tarakimu. Programu ikidai herufi 17 ikakataa kuendelea, usijaze sifuri mbele ili itimie. Rudi nyuma uchague modeli kwa mkono. Kwenye Techstream, programu ya Toyota ya kuchunguza na kuandika, eneo huchaguliwa wakati wa kuiweka. Ukiwa umechagua Amerika Kaskazini, nusu ya magari yaliyoegeshwa nje ya gereji yako hayatakuwemo kwenye orodha, na utadhani kebo imeharibika.

Laptopu

Tumia laptopu moja kwa kazi hii tu. Yangu ni nzee, haina muziki wala picha za harusi.

Weka draiva ya kebo kabla ya kuichomeka kebo kwa mara ya kwanza, la sivyo Windows itaichagulia draiva yake na utahangaika kuing'oa. Kebo nyingi za bei nafuu zina chipu ya FTDI, na draiva zake za zamani ziliandikwa kwa Windows ya biti 32. Kwenye ya biti 64 programu itafunguka vizuri kabisa, ila kebo haitaonekana kwenye orodha yake. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta bandari iliyotokea ulipochomeka, ingia kwenye mipangilio yake ya ndani. Utakuta muda wa kuchelewesha umewekwa milisekunde 16. Ushushe hadi 1. Badiliko hili dogo limeniponyea "mawasiliano yamekatika" nyingi kwenye magari ya zamani kuliko kubadilisha kebo.

Halafu: zima kulala kwa laptopu, iwe kwa chaji au kwa betri. Sitisha masasisho ya Windows. Kizuia virusi ukiambie kisiguse folda ya programu, maana hupenda kufuta faili moja muhimu kimyakimya. Faili za kazi ziweke karibu, folda fupi kwenye diski C, jina lisilo na nafasi wala alama za ajabu. Chomeka kebo moja kwa moja kwenye laptopu, si kupitia kigawanyio cha USB. Kila unachohitaji kishushe siku moja kabla. Kama huduma ya mtengenezaji inaandika ikiwa mtandaoni mwanzo hadi mwisho, bando la simu linalokaribia kuisha si la kutegemea.

Kuhusu kusasisha programu ya kuandikia yenyewe, nina msimamo mkali kidogo. Toleo jipya lisiwekwe asubuhi ya kazi. Liweke siku ambayo huna gari, ulijaribu kwa kusoma tu kwenye gari lako mwenyewe, na kisakinishi cha toleo la zamani ukihifadhi. Kifaa na programu lazima viende pamoja: programu mpya ikidai kifaa nacho kipandishwe toleo, jiulize kwanza kama kifaa hicho ni halisi. Kloni ikiunganishwa mtandaoni na kupandishwa toleo mara nyingi hufungwa, na huna wa kumlalamikia.

Na ile adapta ya ELM327, ndogo ya bluututhi? Ni nzuri kusoma na kufuta kodi. Kuandika ECU nayo ni kuvuka Likoni kwa kuogelea. Kwa kuandika, tafuta kifaa cha kiwango cha J2534, au kile mtengenezaji alichokitaja.

Soketi na waya

Mita mkononi, dakika tano. Soketi ya OBD ina pini 16. Kati ya pini 16 na pini 4 upate volti sawa na za betri. Rudia kati ya 16 na 5. Hakuna umeme? Tafuta fyuzi kwanza; katika gari nyingi fyuzi hiyo ndiyo ya kiwashio cha sigara, na mtoto mmoja akitia shilingi pale, soketi yako imekufa.

Sasa chomoa kichwa hasi cha betri, subiri kidogo, pima ukinzani kati ya pini 6 na 14. Hizo ni laini mbili za CAN, nyaya ambazo kompyuta za gari huzungumzia, na kila mwisho wa laini una kizuizi cha omu 120, kwa hiyo mita isome karibu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika au kompyuta iliyo mwishoni haijaungwa. Karibu na 0, laini zimegusana. Ikisoma 40, kuna kizuizi cha tatu: mtu ameongeza kitu.

Na huku kwetu huyo mtu ni fundi wa traka. Gari la mkopo lina traka, la teksi lina traka, pengine mbili, na alamu ya kukata pampu juu yake. Piga magoti, angalia nyuma ya soketi kwa tochi. Ukiona nyaya nyembamba zimefungwa kwa utepe mweusi kwenye laini za CAN, zitenganishe kabla ya kuandika, kwa idhini ya mwenye gari, maana kampuni ya mkopo itampigia simu.

Chumvi nayo. Gari linalolala Nyali au Bamburi miaka mitano lina ukungu wa kijani kwenye pini za ECU na kwenye nati ya waya wa chini. Mita itasoma vizuri gari likiwa limetulia, kisha mzigo ukiongezeka volti inaporomoka. Safisha, kaza, pima tena huku taa kubwa zikiwa zimewashwa.

Betri, na betri ya pili

Betri iliyojaa, gari limepumzika, husoma karibu volti 12.6. Chini ya 12.4, ichaji kwanza. Wakati wa kuandika mimi hutaka 13 hadi 13.8, zimetulia, mwanzo hadi mwisho. Ufunguo ukiwa ON injini ikiwa imezimwa gari linakula ampea nyingi kuliko unavyodhani, na katika baadhi ya magari feni za rejeta huanza kuvuma kwa nguvu zote pindi ECU inapoacha kazi yake ya kawaida ili iandikwe. Hilo si kosa, lakini betri dhaifu haitalistahimili.

Zima taa, redio, AC na feni ya ndani. Chaja kubwa ya kuamshia malori usiitumie: umeme wake una mawimbi na unaweza kupanda kupita 15. Unahitaji kifaa cha umeme tulivu. Na kwa kuwa stima yetu ina mambo yake, mimi huunga betri ya pili, kubwa, iliyojaa, sambamba na ya gari: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Stima ikiondoka, betri mbili zinatosha kumaliza kazi.

Gari liwe kivulini. Laptopu ikipata joto la dashibodi ya saa nane mchana hujizima yenyewe, na ECU haitajua kwamba ilikuwa joto. Gari la kuwashwa kwa kitufe nalo hujizima likikaa muda mrefu bila injini, kwa hiyo maandalizi yote yamalizike kabla hujaliweka ON.

Chukua cha zamani kwanza

Soma kodi za kompyuta zote za gari, si ya injini peke yake, uzihifadhi. Andika CAL ID ya zamani. Kama kifaa chako kinaweza kusoma faili la ndani, lisome mara mbili na ulinganishe. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike:

certutil -hashfile asili1.bin SHA256

Rudia kwa asili2.bin. Mistari miwili mirefu ikitofautiana hata herufi moja, usomaji wako haufai, na kebo isiyoweza kusoma haiwezi kuandika. Hifadhi nakala ndani ya laptopu, kwenye diski ya nje, na mahali pa tatu. Vifaa vya mtengenezaji kama Techstream huandika bila kukupa faili la zamani. Hapo namba uliyoiandika ndiyo njia yako ya kurudi.

Faili lililoguswa na mtu lazima hesabu zake za ukaguzi zirekebishwe kabla ya kuandikwa, la sivyo injini haitawaka au P0601 itakusalimu. Mimi siandiki faili lililotumwa kwa WhatsApp na mtu asiyejua kusema limetoka gari gani.

Kubonyeza

Kinachotokea ndani ni hiki. Kifaa kinaiomba ECU iingie hali ya kuandikwa. ECU inatoa fumbo la namba, kifaa kinajibu kwa ufunguo wake. Kumbukumbu inafutwa. Data inaingia vipande vipande. Mwisho ECU inakagua kilichoingia.

Mpaka kabla ya kufuta, unaweza kuahirisha bila hasara. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo usifungue mlango, usikanyage breki, usiazime mtu chaja ya simu. Kwenye magari ya CAN mambo huenda haraka, laini hukimbia biti 500,000 kwa sekunde. Ya zamani yenye laini ya K, pini 7, huenda 10,400 kwa mwendo wa kawaida: faili la kilobaiti 512 litachukua zaidi ya dakika 8 hata kama halipumziki, na hupumzika sana. Mstari usiposogea dakika mbili, kunywa chai.

Ikigoma

Kwanza: usizime ufunguo. Soma ujumbe. Ukianza na 7F, ECU ipo hai na inakujibu, inakataa tu, na tarakimu mbili za mwisho ndizo sababu.

78 si kosa, inasema subiri. 22 inamaanisha hali haijatimia: injini inazunguka, gia haipo P, volti ziko chini. 35, ufunguo wa fumbo si sahihi. Karibu kila mara umechagua aina ya ECU isiyo yake. 36, umejaribu mara nyingi mno. 37, umefungiwa kwa muda. Acha gari likiwa ON, betri imeshikiliwa, ungoje dakika kumi ndipo ujaribu tena. Kubonyeza kwa hasira kunaanzisha hesabu upya. 72, kuandika kumeshindikana ndani, na mimi hurudi moja kwa moja kwenye volti kisha kwenye faili.

Usipopata jibu lolote, fuata tena njia ya fyuzi, pini na omu 60. U0100 kwenye kompyuta za ABS au gia inathibitisha kwamba wenzake hawaisikii ECU ya injini.

Ikiwa imekatika katikati, usiitangaze maiti. ECU nyingi zina programu ndogo ya kuamkia iliyokaa sehemu isiyofutwa, na kazi yake ni kukubali kuandikwa tena. Ndiyo iliyotuokoa Changamwe. Volti zilikuwa zimeshuka hadi 11.8. Nilimwomba jirani mwenye lori aniazime betri, moja tu, maana lori lina mbili za volti 12 zilizoungwa kuwa 24, na ukiunga kwa pupa pale huna ECU wala fyuzi. Tukaiunga sambamba, mita ikapanda 12.5. Nikaanza upya kutoka 0 na faili lile lile. Fumbo likajibiwa, mstari ukatembea. Ilipopita 71 ami alikuwa amesimama dirishani, tasbihi mkononi, hasemi kitu. Stima ilirudi baada ya magharibi, gari limeshaondoka.

Isipoamka hata hivyo, ECU hutolewa garini na kuandikwa mezani, kwa umeme wa volti 12 na nyaya zake chache, au kwa njia ya kuamsha kupitia bodi yenyewe. Kazi hiyo mpe anayeifanya kila siku. La mwisho ni ECU nyingine kutoka maduka ya spea za ex-Japan, namba ile ile kamili, na immobilaiza (kizuia wizi kinachotambua ufunguo) ikubaliane nayo. Katika Toyota nyingi ECU na immobilaiza hutambulishwa kwa kuunga pini 13 na 4 za soketi na kuacha ufunguo ON kwa dakika 30. Mimi siigusi immobilaiza bila kuona logibuku na kitambulisho cha mwenye gari.

Kabla ya kumpa ufunguo

Zima, subiri dakika mbili, washa. Soma CAL ID upya na uilinganishe na uliyoitarajia. Futa kodi za kompyuta zote. Zile za mawasiliano zilizojaa wakati wa kuandika zitaondoka zisirudi. Injini ipashe moto, izunguke bila kukanyagwa na bila AC mpaka itulie. Nissan nyingi zitahitaji kufundishwa upya mahali throto inapofungia, usipofanya hivyo itavuma juu na utalaumu faili.

Kisha endesha, skana ikiwa imeunganishwa: toka gereji, Makupa, mjini, vuka daraja la Nyali, rudi. Foleni inakupa mwendo wa chini, daraja linakupa mzigo. Marekebisho ya mafuta ambayo ECU inajifanyia yenyewe (fuel trim kwenye skana) yakikaa ndani ya asilimia 10 juu au chini, na gia zikiingia bila kushtuka, kazi imekaa.

Kwenye kisanduku cha dashibodi mimi huacha karatasi: tarehe, kilomita, CAL ID ya zamani, mpya, volti zilizokuwepo. Ya ami nimeiongezea mstari mmoja, kwamba iliandikwa mara mbili.